Mchunga Moto wa Hospitali Hakuwa Daktari

Mwanamke anayeniletea chisense kutoka Mununga, wale samaki wadogo wa kuanika juani, alinipa habari ya kifo kabla hajatua beseni lake. Aliyefariki ni yule mzee aliyekuwa akichunga moto katika hospitali ndogo ya misheni hapa ufukweni mwa ziwa, miaka ya hamsini, nami nikiwa mfuaji wa nguo mahali hapohapo. Amefia Kafutuma, nyumbani kwa binti yake, usingizini, akiwa ameshiba. Sikulia. Ninyi mnaonisoma mwaka hadi mwaka mnajua silii ovyo, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuliliwa ovyo. Nilimaliza kuchagua samaki wangu, nikafunga kitambaa kichwani, nikaenda matangani.

Huko nikasikia mambo. Kijana mmoja wa ukoo alisimama na karatasi akasema kuwa marehemu alikuwa daktari wa kwanza mweusi katika ufuko huu, kwamba alipasua watu na kuwashona wakapona. Mwingine akaongeza kwamba wazungu walikuwa wakimwomba ushauri kabla ya kushika kisu. Watu wakaitikia kwa kichwa, wapishi wakaacha kukoroga ili wasikie vizuri. Nimeona katika nchi hii ya ziwa kwamba mtu akishafanya kazi ndani ya ua wa hospitali, hata ya kufagia majani, siku ya kuzikwa anakuwa daktari. Waliniomba niseme neno, maana kati ya wafanyakazi wale wa zamani nimebaki mimi peke yangu. Nikakataa. Mbele ya jeneza si mahali pa kusahihisha watoto wa watu. Mahali pake ni hapa. Basi nasema: hakuwa daktari. Hakuwahi kushika kisu wala sindano. Alichunga moto wa kuchemshia vyombo na nguo, akatunza pampu, mabomba na taa, akanyoosha miguu ya vitanda iliyopinda. Na mimi, niliyeishia darasa la pili, sijaona kwa nini kazi hiyo ivalishwe koti la mtu mwingine ndipo izikwe kwa heshima.

Hospitali yenyewe haipo tena pale ilipokuwa. Yalikuwa majengo matatu ya matofali na bati, na nyuma ya wodi kubwa palikuwa na kibanda kilichoegemea ukuta wake. Humo kibandani ndimo lilimokaa pipa la mvuke. Msiolijua, fikirieni chungu kirefu cha chuma, kifuniko chake kizito kinafungwa kwa skrubu sita, chini yake moto wa kuni. Ndani, juu ya maji, tuliweka mikebe mikubwa ya duara tuliyoiita ngoma, na katika ngoma hizo zilikaa nguo zote za chumba cha upasuaji: mashuka ya kumfunikia mgonjwa, makoti ya daktari, vitambaa vya kufutia damu. Moto ukikolea, mvuke hujaa, mshale wa kipimo juu ya pipa hupanda mpaka penye mstari mwekundu, na tangu hapo unahesabu nusu saa kamili bila mshale kushuka. Ukishuka njiani, hesabu imekufa, unaanza upya. Nguo zilizopita hapo haziwezi kumtia mgonjwa usaha. Nguo zisizopita hapo zinafanana nazo kabisa. Rangi ileile, joto lilelile, harufu ileile. Shika neno hilo, msomaji, maana shida yote ilitoka humo.

Mchunga moto mwenyewe alikuwa mtu wa ng'ambo, wa upande wa Kongo, alikuwa amechunga boila ya meli iliyobeba samaki kabla hajavuka kuja kwetu. Kibemba chake kilitosha kuombea chumvi tu, hivyo kazi yote kati yetu ilikwenda kwa Kiswahili chake, kile cha kusema batu na bintu badala ya watu na vitu, nami nilikijua kidogo kwa sababu ya biashara ya samaki. Sikuwa rafiki yake. Alikula peke yake, alinusa tumbaku, hakumsifu mtu. Jamaa za wagonjwa walipoleta mizigo ya kuni, kama ilivyokuwa desturi, aligonga kila gogo na mgongo wa panga akasikiliza, na lililolia vibaya alilirudisha hata kama limebebwa na nyumba ya mukubwa wa kijiji. Mpishi wa hospitali, mtu wa maneno mengi, alimwita bwana harusi wa jiko, akawa akimwuliza kila asubuhi kama bibi ameamka vizuri. Yeye alimjibu mara moja tu katika miaka yote: "Bibi yangu akilala vibaya, mutu anakufa. Wako akilala vibaya, uji inaungua." Tangu hapo mpishi alitafuta mwingine wa kumtania.

Mimi alinifundisha kukunja nguo. Nilikuwa nimezoea kuzikaza, maana nilifundishwa nyumbani kwamba mwanamke safi hukaza mzigo wake. Alizitoa zote kwenye ngoma akaniambia nizilegeze, mvuke ni mgeni, mgeni huachiwa njia ya kupita. Tena alikuwa na desturi yake ambayo Sista, yule mama wa kizungu aliyesimamia wauguzi, hakuipenda hata kidogo. Katikati ya ngoma, ndani ya kikopo kidogo chenye matundu, aliweka kipande cha muhogo mbichi. Alipofungua pipa alitoa kikopo kwanza, akauvunja muhogo ule kwa vidole. Ukiwa umeiva mpaka moyoni, mvuke umefika kila mahali. Ukiwa mbichi ndani, hata mshale useme nini, haukufika. Sista alisema hospitali si jikoni. Daktari aliutazama muhogo ule siku moja, akacheka, akaruhusu. Hivyo tulikwenda, muhogo juu ya muhogo, na sikumbuki siku aliyousahau.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa masika, mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo na nguo zangu hazikukauka. Zilibaki kavu za ngoma moja tu. Asubuhi hiyo mtumbwi ulileta mwanamke kutoka kisiwa cha Kilwa humu ziwani, uchungu ukiwa umemshika tangu juzi, mtoto amekaa vibaya na hatoki. Daktari alisema atapasuliwa. Tukapakia ngoma ile moja, pipa likafungwa, moto ukawashwa, mshale ukapanda. Ulipogusa mstari mwekundu, mzee (wakati ule hakuwa mzee, lakini sijui kumwita vingine) aliandika saa kwa chaki ukutani. Hapohapo mtu akaja kusema maji hayapandi, majani ya ziwa yameziba bomba la pampu. Bila maji hakuna upasuaji. Alichukua panga lake akaniambia: "Mama, minaenda kwa pompi. Usiguse kitu. Mushale ukishuka, weka kuni mbili. Haushuke, usiweke." Akaenda.

Hakuwa amefika mbali nilipowasikia wanawake ndani ya wodi wakianza kulia. Mgonjwa mmoja, mzee wa upande wa Chienge, alikuwa amekata roho, na kitanda chake kiliegemea ukuta uleule ulioegemewa na kibanda chetu. Sasa wengine wenu ni vijana, mmezaliwa na umeme, hamjui. Kwetu moto ulio karibu na kifo ni moto uliokufa. Unauzima, unatoa majivu yote, unafagia, unawasha mpya kwa kaa la mahali pengine. Chakula kilichoiva kwa moto wa kifo hakilishwi mtoto, na maji yake hayamwoshi mwenye mimba. Hatukuuliza kwa nini, kama vile hamuulizi kwa nini mnanawa mikono. Mama mmoja mtu mzima, shangazi wa yule marehemu, alitoka nje kulia, akaona moto wangu ukiwaka upande wa pili wa ukuta. Akanyamaza kulia. Akaniambia: "Mwana wangu, maiti na moto wamelala ukuta mmoja. Nawe unampikia nguo mwenye kuzaa?"

Nilimfikiria yule mwanamke wa Kilwa na mtoto wake. Nawaambieni kweli, nilimfikiria yeye. Sikuzima moto kwa uvivu wala kwa ubishi. Nilivuta magogo nje, nikayamwagia maji, nikachota majivu yote mpaka chuma kikaonekana, nikafagia. Kisha nikashuka ufukweni kwa wanawake waliokuwa wakikausha samaki kwa moshi, nikaomba kaa, nikalibeba katika kigae. Niliporudi mshale ulikuwa umelala chini kabisa. Nikawasha moto mkubwa kuliko ule wa kwanza. Mshale ukaamka, ukapanda, ukagusa mstari mwekundu, na muda si muda yeye akatokea, miguu matope mpaka magotini, maji yamekwisha kupanda. Alitazama mshale: uko mahali pake. Alitazama chaki na saa: nusu saa imepita na zaidi. Akaniuliza kama kuna jambo: "Kuko maneno?"

Nikasema, "Hakuna maneno."

Hapo ndipo nilipokosea, si penye majivu. Nilijiambia kwamba moto ni moto, mshale si umepanda? Nilijiambia pia kwamba nikisema, mzungu ataniita mshenzi na nitarudi kijijini. Yeye akaanza kutoa mvuke polepole kama inavyotakiwa, akangoja pipa litulie, akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akaacha nguo zipumue. Yote hayo yalikula muda, na nilisimama nikiyatazama. Kisha akatoa kikopo chake. Akaushika muhogo, akauvunja. Ulilia kama kijiti kikavu. Ndani ulikuwa mweupe, mgumu, unatoa maji yake.

Hakunitazama usoni. Aliinama akatazama chini ya pipa, akaona hakuna majivu ya asubuhi, sakafu imefagiwa. Ndipo akauliza, kwa sauti ileile ya kuulizia kuni: "Moto ulikufa muda gani?" Nikasema kidogo tu. Akasema kidogo si muda. Nikasema, toka hapa mpaka kwa wakausha samaki na kurudi. Akauliza: "Ulikimbia ao ulitembea?"

"Nilitembea," nikasema. "Kaa la moto halikimbizwi."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri. Akatia muhogo mwingine kwenye kikopo, akafunga pipa, akasukuma magogo ndani. Wakati huo Sista aliingia, maana mwanamke wa Kilwa alikuwa tayari mezani na daktari alikuwa tayari ananawa. Alitaka ngoma yake. Mzee akamwambia haitoki. Sista alidhani hakuelewa, akarudia kwa Kibemba, kisha kwa lugha ya kwao, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, akaweka mkono juu ya skrubu. Yeye hakumgusa. Alisema tu kwamba mvuke umekwisha kuanza na anayefungua sasa ataungua mikono, jambo ambalo halikuwa kweli bado ila lilikuwa karibu kuwa kweli. Kisha akasema: "Ba Sista, hii haiko nguo safi. Hii iko nguo ya moto-moto tu." Sista akageuka kunitazama, akamwuliza mzee nani amefanya hivi. Yeye akajibu: "Ya nani, tutaiuliza kesho. Ya sasa ni dakika."

Daktari akaja mwenyewe, mikono ameinua, viwiko vinachuruzika. Hakupiga kelele. Aliuliza itachukua muda gani. Naye mzee, ambaye angeweza kusema nusu saa na kumfurahisha kila mtu, alisema robo tatu ya saa, na akisema pungufu atakuwa anadanganya. Daktari aliutazama muhogo mbichi uliokuwa juu ya gogo, vipande viwili. Alitazama upande wa chumba cha upasuaji. Mwanamke alikuwa akisikika toka pale tulipo. Nadhani daktari alifikiri mambo mengi katika muda ule mfupi, lakini mimi sikuwa ndani ya kichwa chake na sitawatungia. Alirudi alikotoka, akangoja. Tulingoja wote. Mzee alikaa kwenye kigoda mbele ya mshale akalisha moto gogo baada ya gogo, wala hakunusa tumbaku yake mpaka mwisho. Muhogo wa pili ulipotoka ulipondeka kati ya vidole kama ugali. Ndipo akabeba ngoma mwenyewe, akaenda nayo.

Mama alipona. Hakupata homa, hakupata usaha, kidonda kilifunga vizuri. Mtoto alikuwa wa kiume, mzima wa viungo vyote, na hakulia.

Siku ya pili ndiyo ilikuwa ya kuuliza nani. Nilikwenda kwa daktari mwenyewe kabla sijaitwa, nikasema nilichofanya na kwa nini. Sista alitaka niondoke siku hiyohiyo. Daktari akamwuliza mchunga moto, kwa kuwa mimi nilikuwa chini yake. Alijibu kwamba nibaki. Sista akauliza kwa sababu gani. Akasema, "Huyu amekwisha kosea. Mupya bado." Hakusema zaidi, wala hakunitetea kwa lolote jingine. Lakini tangu siku hiyo aliweka sheria yake. Mtu akifa wodini, yeye mchunga moto apelekewe habari kabla ya mtu mwingine yeyote. Kama pipa liko kazini, linamaliza kazi yake. Likimaliza, yeye mwenyewe anauzima moto, anatoa majivu yote, anafagia, anaagiza kaa la ufukweni, anawasha upya, mbele ya macho ya wafiwa wakitaka kutazama. Nguo za pipa lile, kama hakuna mgonjwa anayezingoja, zinarudi ndani kwa moto mpya. Sista aliita jambo hilo ushenzi ndani ya hospitali. Yeye alisema majivu lazima yatolewe hata hivyo. Na hakika, tangu hapo hakuna mwanamke aliyegusa moto ule kwa siri, maana siri haikuhitajika tena. Nimesikia watu wenye vyeti wakihutubia juu ya mila na kazi za kisasa kwa muda wa asubuhi nzima, na sijasikia aliyelipita hilo.

Nafikiri sana juu ya kazi za namna hii siku hizi. Wajukuu zangu wawili wanataka kusomea hospitali, na nikiwauliza watafanya nini huko wanataja kazi mbili tu, udaktari na uuguzi, kana kwamba hospitali ni watu wawili wamesimama uwanjani. Hawamwoni anayefua. Hawamwoni anayepika, anayezibua choo, anayepaka mafuta magurudumu ya machela, anayelala sakafuni chini ya mashine akitafuta waya uliokatika. Nilikwenda hospitali mwaka jana kwa ajili ya goti langu nikaona mashine nzuri inayong'aa, juu yake karatasi imeandikwa kwamba haifanyi kazi. Karatasi ilikuwa imekuwa ya njano. Nikamwuliza kijana aliyekuwa pale ni nani anayeichunga. Akasema ilinunuliwa mjini. Sikukuuliza ilinunuliwa wapi, nikasema. Nimekuuliza nani anaichunga. Akanicheka kwa adabu, akaniita ambuya, yaani bibi: "Ambuya, hizi hazichungwi, zinaletwa tu." Hayo ndiyo mabadiliko niliyoyaona katika maisha yangu: zamani chuma kilikuwa kibovu na mtu wake alikuwa mzima, sasa chuma ni kizima na mtu wake hayupo. Anayeponya hupewa jina. Anayezuia ugonjwa usiingie kwa njia ya shuka hapewi, kwa sababu akifanya kazi yake vizuri hakuna kitu cha kuonyesha. Ndiyo maana siku ya kuzikwa inabidi waseme alikuwa daktari. Simlaumu yule kijana mwenye karatasi. Alitafuta neno la kumkuza babu yake, akakuta tumemwachia moja tu.

Kuna sehemu nimeichelewesha kwa makusudi, maana haiandikiki kwa raha. Siku ya tatu baada ya mambo yale, mchunga moto alikuja penye karai langu akasema twende wodini. Nikamwuliza kufanya nini. Akasema yule mama aliambiwa tu kwamba mtoto alichoka, na alichelewa sana kufika. Ni kweli, alisema, lakini si yote. Nikamwambia daktari akitaka aambiwe atamwambia mwenyewe. Akasema daktari hakuzima moto, wala hakufunga pipa. Nikasema yangu nimekwisha kuyasema mbele ya wakubwa. Akasema wakubwa hawakufiwa. Basi nikafuta mikono, nikamfuata.

Yule mama alikuwa amelala ubavu, uso kwetu, mwanamke wa umri wangu, mikono myembamba ya kuvuta nyavu. Mumewe alikuwa amerudi Kilwa kumzika mtoto. Mzee alichuchumaa, kwa kuwa kwao haifai kumsimamia mgonjwa aliyefiwa, akasema kwa Kiswahili chake na mimi nikageuza kwa Kibemba: "Nguo haikuwa tayari. Mie nilikataa kuitoa. Ulingoja kwa sababu yangu." Yule mama akamwuliza kama wasingengoja mtoto angelia. Nikageuza. Akajibu: "Sijue, mama. Labda angelia, nawe ungekufa kwa usaha. Labda mungepona wote. Mie naijua moto tu." Hakunitazama, hakunisukuma. Alikaa tu palepale amechuchumaa, na nikaelewa kwamba hatainuka mpaka niseme.

Nikasema. Nilisema habari ya ukuta, ya shangazi mwenye msiba, ya majivu, ya kaa. Nikasema pia kwamba alipouliza kama kuna maneno nilisema hakuna. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea. Akauliza aliyekufa upande ule wa ukuta alikuwa nani. Nikamwambia, mzee wa Chienge.

"Ningezima hata mimi," akasema. "Kwetu Kilwa hakuna mwanamke angeuacha moto ule." Akavuta shuka, lilikuwa moja la yale ya ngoma ileile, akajigeuza taratibu kwa sababu ya kidonda, uso ukaelekea ukutani. Akasema akiwa amegeuka hivyo: "Lakini ningesema."

Nilibaki hospitalini pale miaka mingine mingi, mpaka nikawa msimamizi wa wafuaji, nikafundisha wasichana wengi kulegeza nguo. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa nikiujua msemo huo tangu utotoni, na kuujua hakukunisaidia chochote siku ile. Kilichonisaidia baadaye ni mtu aliyeuliza muda kwanza na jina baadaye, kwa sababu anayeulizwa muda huweza kujibu kweli, na anayeulizwa jina hutafuta pa kujificha. Kisha akanipeleka penye kitanda ili jina nalo lisipotee. Vyote viwili, kwa mpango huo. Nimewaona wakubwa wa kazi wanaojua la pili tu, la jina, na mafundi wao ni waongo hodari. Nimewaona wanaojua la kwanza tu, la muda, na mafundi wao hurudia kosa lilelile kila masika.

Kwa hiyo ninyi mnaofanya kazi nyuma ya ukuta wa hospitali, wa pampu, wa karai, wa jiko, wa waya, mtakosea. Mimi nilikosea kwa nia njema kabisa, na nia njema haikupandisha mshale. Kosa la mkono mtasamehewa na watu wengi, hata na wale waliopoteza kitu kwa ajili yake, kwa sababu wanajijua nao wana mikono. Lakini lisemeni kosa hilo, pipa likiwa bado limefungwa. Likishafunguliwa, mnaongea tu.